Wimbo wa Getini Ni Wake, Lakini Haimbi

Saa kumi na moja na nusu jioni filimbi inalia katika ghala la nafaka la Mzee Mangeni, upande wa Uganda wa mji wa Busia, na wanawake thelathini na nane wanaweka nyungo zao chini. Vumbi la mahindi limewatia mvi wote, hata wasichana wa miaka ishirini. Wanajikung'uta, wanapiga chafya, wanajipanga mstari kuelekea getini.

Babra, msichana mwembamba aliye mbele kabisa, ndiye anayeanzisha.

"Mwenye geti, unatafuta nini?"

"Natafuta maharage!" wenzake wanaitika nyuma yake.

"Maharage ya kupikia nani?"

"Ya mwenye ghala, hajashiba!"

"Umepekua, umepekua, umepata ngapi?"

"Saba!"

Mlinzi wa geti, Okwi, mwanamume wa makamo aliyevaa koti la mvua ingawa jua bado linawaka, anatazama viatu vyake. Mikono ameiweka nyuma. Madereva wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya wanapiga honi kufuata mdundo. Mmoja wao ametoa simu anarekodi, kana kwamba wimbo huu haujarekodiwa vya kutosha.

Katika mstari huo wote, mwanamke mmoja amefunga mdomo. Anatazama mbele, leso ameifunga mara mbili kiunoni, anapita geti kwa hatua za haraka na hageuki nyuma. Anaitwa Provia Acom, ana miaka arobaini na sita, na hapa kila mtu anamwita Nalongo, jina la heshima la mama aliyezaa mapacha. Wimbo huo ameutunga yeye.

"Nikifungua mdomo kidogo tu, itatoka yenyewe," anasema akiwa amefika kwenye chumba chake cha kupanga, dakika kumi kutoka ghalani. "Kwa hiyo mimi nauma ulimi. Angalia, iko na kidonda."

Anatoa ulimi. Kidonda kipo kweli.

Ni Alhamisi. Acom amepewa mpaka Jumamosi aseme kama atauzima wimbo huo au ataacha kazi, na tangu apewe siku hizo hajui kukaa mahali pamoja. Anaketi kitandani, anasimama, anafungua dirisha, analifunga. Anamimina mchele kwenye sinia na kuanza kuchagua mawe. Mchele ni wa dukani, wa pakiti, hauna jiwe hata moja. Anauchagua hivyo hivyo hadi mwisho, kisha anaanza upya.

Kazi ya Acom ni kupepeta. Kabla mahindi na maharage ya Uganda hayajavuka mpaka, lazima yatolewe makapi, mawe na punje zilizovunjika, na wanaoyatoa ni wanawake wanaokaa juu ya maturubai kuanzia saa moja asubuhi. Gunia moja lililosafishwa analipwa shilingi elfu moja na mia tano za Uganda. Siku njema humaliza magunia manane, yaani shilingi elfu kumi na mbili, ambazo ukivuka nazo kwenda Kenya ni kama mia nne na kidogo. Kwa hizo analipa chumba na kusaidia karo ya binti zake mapacha, Apio na Adongo, wenye miaka kumi na saba. Wanasoma sekondari Nagongera na kuishi na baba yao, Opendi, anayelima muhogo na karanga huko Mwello, wilaya ya Tororo.

Acom mwenyewe ni Mteso aliyezaliwa karibu na Rubongi na kuolewa na Mpadhola. Amefanya kazi ghalani miaka kumi na mmoja, na kwa miaka hiyo yote, kila jioni, alipekuliwa getini.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mwanamke anafungua leso na kuikung'uta. Anavua kitambaa cha kichwa. Anageuka. Halafu Okwi anapitisha viganja kiunoni, mgongoni na kwenye pindo la nguo, kuhakikisha hakuna punje inayokwenda nyumbani. Wapakiaji wa magunia wanakuwa wamekaa pale pale wakinywa chai, wakitazama.

"Okwi hana roho mbaya," anasema Acom. "Alipewa kazi, anafanya. Lakini mkono ni mkono. Ukifika nyumbani mume anakushika bega, wewe unaruka. Miaka kumi na moja, dada yangu. Nilikuwa nasema nitazoea. Sikuzoea."

Wengine nao hawakuzoea, ila walinyamaza. Kazi Busia haiokotwi barabarani.

Kilichowafungua midomo kilitokea mwezi wa kwanza mwaka huu. Norah Akiteng, mjane wa miaka sitini na mmoja, ni jirani ya Acom huko Mwello. Alikuwa anatafuta pesa za kuezekea nyumba, na Acom ndiye aliyemleta ghalani na kumfundisha kupepeta. Jioni hiyo sketi ya Norah ilikuwa imefumuka pindo. Anayepepeta maharage siku nzima huingiwa na punje mwili mzima. Zinaingia kwenye nywele, kifuani, kwenye viatu. Okwi alipopitisha mkono chini alihisi kitu ndani ya pindo.

Mzee Mangeni alikuwa amesimama barazani. Alisema sketi ivuliwe. Norah akaivua akabaki na shimizi, mbele ya wapakiaji na madereva. Pindo likakung'utwa, yakaanguka maharage saba. Mangeni akamwambia ayaokote moja moja, na kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani akasema kwamba mwizi ni mwizi, hata wa punje.

Norah aliyaokota. Asubuhi alipanda gari la Tororo na hakurudi tena ghalani.

Mwandishi alipofika hapo kwenye hadithi alikuwa na hasira yake mwenyewe, na haoni sababu ya kuificha. Acom alikuwa analia bila sauti huku mikono yake ikiendelea kutafuta mawe kwenye mchele.

Ili kuelewa kilichofuata ni lazima kuelewa mapacha. Kutoka Tororo mpaka Busia, upande huu na upande wa Kenya, Wateso, Wapadhola na Wasamia wanaweza kubishana juu ya mambo mengi, lakini kwa mapacha wanakubaliana. Mapacha wanapotolewa nje ya nyumba kwa mara ya kwanza, watu wanakusanyika na kuimba matusi. Si mafumbo ya heshima, ni matusi hasa. Mkwe anatukanwa, babu anatukanwa, maumbile ya kila mtu yanatajwa kwa jina lake. Na hakuna anayeruhusiwa kukasirika, kwa sababu hasira siku hiyo inawadhuru watoto. Anayetukanwa anacheka, anajibu, anatoa kitu.

Kwa shughuli hiyo Acom anajulikana. Ameitwa kuimba Nagongera, Rubongi, mpaka ng'ambo ya mpaka. Sauti yake ni nzito kidogo, na ana kipawa cha kutazama mtu mara moja na kujua pa kumgusa.

Mwezi wa pili mke wa mtoto wa mwisho wa Mzee Mangeni, Caro, msichana wa Kisamia kutoka Funyula upande wa Kenya, alijifungua mapacha, mvulana na msichana. Mangeni mwenyewe alimfuata Acom kwenye turubai lake.

"Akaniambia, 'Nalongo, Jumamosi uje ututukane vizuri,'" anakumbuka, na kwa mara ya kwanza jioni hiyo anacheka. "Mimi nikasema, 'Mzee, nitakuja.' Moyoni nikasema, asante Mungu."

Alikwenda na wenzake kumi na wawili wa ghalani. Waliimba kwa muda wa nusu saa mambo ambayo gazeti linalosomwa na watoto haliwezi kuyachapa. Kisha akauleta wimbo wa geti. Aliutunga kwa Kiswahili makusudi, maana kwenye turubai kuna makabila manne na hakuna lugha nyingine ya kuwaweka wote pamoja. Ubeti wa mwisho ulimsalimia marehemu mama yake Mangeni na kumuuliza kama naye, alipomzaa mwanawe, alipekuliwa mlangoni.

Watu wote wakamgeukia mwenye ghala. Halafu Mangeni mwenyewe akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Akasimama, mrija wa pombe mkononi, mbele ya chungu na mbele ya wazee wa ukoo wake.

"Nimetukanwa, nimekubali," alisema. "Kuanzia Jumatatu, mwanamume hatagusa mwanamke kwenye geti langu."

Vigelegele vilipigwa mpaka mbwa wakakimbia.

Jumatatu jioni mstari ukafika getini. Okwi akanyoosha mikono kama kawaida. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote.

Acom alitoka kwenye mstari akaenda moja kwa moja ofisini. Anayasimulia mazungumzo hayo kwa sauti mbili, yake na ya Mangeni.

"Mzee, ulituahidi."

"Nalongo, kwanza nijibu. Yale matusi uliyonitukana Jumamosi, mpaka mama yangu aliye kaburini, niyahesabu? Nikukasirikie?"

"Hapana, mzee. Yale ni ya mapacha."

"Basi. Matusi ni ya mapacha, na ahadi ni ya mapacha. Rudi kwenye mstari."

Acom anaweka sinia chini.

"Nilitoka nje," anasema. "Unajua nini iliniuma? Alikuwa na haki. Nilitaka maneno yangu isihesabiwe, yake ihesabiwe. Haiwezi."

Akarudi kwenye mstari, akapekuliwa.

Kesho yake Babra, wakati Okwi anamgeuza, alianza kuimba. Hapakuwa na mapacha hapo, wala chungu, wala mkwe. Palikuwa na geti. Wanawake wakaitika, kwanza watatu, halafu wote. Na Acom, aliyeijua mila hiyo kuliko wote waliokuwepo, akaitika kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Babra ni mtoto, hajazaa, hakujua. Mimi nilijua. Wimbo ya mapacha haiimbwi bila mapacha. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeshiba hasira, nikasema liwalo na liwe."

Waliimba siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Siku ya tatu Okwi alishusha mikono. Alipoulizwa na mwandishi ni nini kilichomshinda, alitazama huku na huku kwanza.

"Video ya hiyo wimbo ilifika nyumbani," alisema. "Mke yangu akaniwekea chakula, akaniuliza, 'Hiyo mikono ndiyo unakuja kula nayo?' Mimi nilishindwa kula."

Tangu hapo hajamgusa mtu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Video ilivuka mpaka siku ile ile. Waendesha boda boda wa Busia ya Kenya wakaupenda wimbo, wakaongeza beti zao ambazo Acom hazijui wala hazitaki. Mzee Mangeni, aliyefanya biashara kwa miaka thelathini na ni mzee wa kanisa, akapata jina jipya: Saba. Akienda benki, Saba. Akiingia kanisani, vijana wa nyuma wanahesabu kwa vidole.

Mwandishi alimkuta ofisini kwake Ijumaa asubuhi. Alikuwa mpole kuliko ilivyotarajiwa, na amechoka.

"Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi," alisema. "Sawa. Siku ya watoto, nitukane. Lakini huu wanaimba kila siku, mpaka Bungoma! Mimi napoteza mali pale getini, mwandishi. Si maharage saba, ni magunia. Lazima nipekue."

Aliulizwa kwa nini basi asiweke mlinzi mwanamke.

Aliinuka, akafunga mlango wa ofisi.

"Nikuambie ukweli? Hakuna aliyeniomba. Wameniimbia. Thelathini na nane wananiimbia, kila mmoja kajificha nyuma ya mwenzake na wote wamejificha nyuma ya wajukuu zangu. Nalongo alikuja kudai ahadi, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama hapo ulipokaa akasema, mimi fulani, sitaki."

Unaweza kumchukia Mangeni kwa ile sketi, na mwandishi anamchukia kwa ile sketi mpaka leo. Hata hivyo maneno yake hayakuwa ya bure.

Jambo lililomfunga Acom mdomo, hata hivyo, halikutoka kwa Mangeni. Jumapili moja mchana, wiki mbili baada ya wimbo kuanza kuimbwa getini, Caro alibisha hodi chumbani kwake. Alikuwa amebeba mtoto mmoja tu, yule wa kiume.

Caro alikubali kuzungumza na gazeti hili nyumbani kwake, akinyonyesha.

"Mimi sikuenda kugombana," alisema. "Hiyo kupekuliwa ilikuwa mbaya, hata mimi singekubali, ningemwambia huyo boi atoe mkono. Lakini mtoto alikuwa ameharibika ngozi yote, mgongo, shingo, analia tu. Kliniki wakasema ni vipele vya joto, wakanipa dawa ya kupaka. Sawa. Lakini mbona dada yake wanalala kitanda moja na hana kitu? Mama yangu akaniuliza, 'Huko kuna mtu anaimba wimbo ya watoto bila watoto?' Nikaskia baridi."

Alimwambia nini Nalongo?

"Nilimwambia, 'Mama, mlichukua watoto wangu mkaweka mbele kama ngao. Wako na miezi miwili. Hawajakosea mtu.'"

Acom hakubisha. Alimpokea mtoto, akamfunua mgongo, akaona.

"Dawa naijua, kliniki naijua, mimi si mjinga," anasema. "Labda ni joto. Lakini nimezaa mapacha. Najua nilifanya nini. Hata kama mtoto angekuwa mzima kabisa, huyo mama alisema ukweli. Nilijificha nyuma ya mtoto."

Vipele vimeanza kupungua. Ni siku kumi na moja sasa Acom hajaimba.

Aliwaomba wenzake nao waache. Walikataa katakata. Babra alimjibu mbele ya wote, kwenye turubai, bila kuacha kupepeta.

"Nalongo, sisi tunakuheshimu. Lakini leo tukinyamaza, kesho mkono unarudi. Wewe ulitupa panga, sasa unasema tusikate?"

Mangeni alipopata habari kwamba mtunzi mwenyewe ameacha, akatoa sharti. Jumamosi hii Acom aje nyumbani kwa Caro, alipoimba mara ya kwanza, aurudishe wimbo kwa watoto mbele ya wazee kama mila inavyotaka, na awaambie wenzake kwamba asiye na mapacha haruhusiwi kuuimba. Akifanya hivyo, kazi anayo. Asipofanya, Jumatatu asije. Kuhusu mikono ya Okwi, Mangeni hakusema chochote, na wanawake wote thelathini na nane wameelewa kimya hicho kina maana gani.

Ndiyo maana Acom hatulii. Akiurudisha wimbo, anawauza wenzake. Asipourudisha, anaendelea kuwatumia watoto wa mwenzake, na anakosa kazi katikati ya mwaka wa shule. Mumewe Opendi amempigia simu mara tatu.

"Anasema, 'Rudi tulime.' Yeye ni mtu mzuri. Lakini karanga hailipi karo ya watoto wawili, na nikirudi sasa watasema nilikimbia."

Ijumaa mchana, badala ya kupepeta, Acom anakwenda Mwello. Anasema kuna mtu hajamuuliza. Kutoka Busia mpaka Tororo, kisha boda boda kwenye njia ya vumbi, hanyamazi hata kidogo: anaonyesha mashamba, anauliza bei ya soda, anauliza kama mwandishi ana watoto, hasubiri jibu.

Norah Akiteng yuko shambani anapalilia karanga. Ni mwanamke mrefu, mikono mikavu, macho makali. Hajaonana na Acom tangu mwezi wa kwanza. Anamsalimu, anaulizia Apio na Adongo, anaulizia mvua ya Busia, anampa jembe. Kwa heshima ya mgeni wanaongea Kiswahili. Wanapalilia mistari miwili kabla Acom hajathubutu.

"Mama Norah, ile wimbo umeisikia?"

"Nimesikia. Kijana ya boda alinichezea kwa simu, pale barabarani. Hakujua ni mimi. Alicheka sana."

"Wewe uliona namna gani?"

Norah anang'oa gugu, analikung'uta udongo.

"Niliskiza mpaka mwisho. Nilikuwa natafuta jina yangu. Mlinzi iko. Mwenye ghala iko. Mama yake, alikufa zamani, Mungu amlaze, na yeye iko. Mimi niko wapi? Nalongo, kwa wimbo yako, mimi ni maharage saba."

Acom ameacha kulima.

"Ulinificha, ama ulinisahau?"

"Nilikuficha. Nilisema usione aibu tena."

"Aibu iko hapa tayari. Watu wanacheka Mangeni, sawa. Nani amesema mimi si mwizi? Hakuna hata ubeti moja."

Kisha anaeleza, bila kupandisha sauti, habari ambayo Acom alikuwa haijui. Kwa miaka tisa Norah alishika ufunguo wa stoo ya kikundi cha akina mama kanisani, wanapoweka mbegu za msimu. Aliporudi kutoka Busia aliurudisha mwenyewe. Walimkatalia, wakasema hakuna anayeamini kwamba aliiba, naye akawaachia.

"Lakini nilikuwa naona macho yao inafuata mkono yangu," anasema Norah. "Labda haikufuata. Labda ni mimi. Nilishindwa kulala na hiyo ufunguo ndani ya nyumba."

Acom anaketi chini kwenye matuta, katikati ya karanga. Kwa mara ya kwanza tangu mwandishi akutane naye, mikono yake haifanyi kitu. Norah anamwacha, anaendelea kupalilia, anamzunguka.

Anaponyanyuka, ameshaamua. Anakwenda nyuma ya nyumba ya Norah kupiga simu, na akirudi anaongea haraka.

Jumamosi, yaani kesho, atakwenda kwa Caro na kuku na chungu cha pombe ya wimbi, ataurudisha wimbo. Atawaomba watoto msamaha, wote wawili, kwa majina yao. Mangeni akitaka kulihesabu hilo kuwa ushindi wake, basi na ahesabu. Jumatatu jioni, filimbi ikilia, atatangulia mstari. Atasimama mbele ya geti kabla Okwi hajainua mkono, na ataimba wimbo mwingine, ambao haukukopwa kwa mtoto wa mtu. Hautakuwa na matusi, wala kitu cha kuwachekesha madereva. Hatamwomba mtu yeyote aitikie.

Na Babra je, na wenzake?

"Babra nimempigia simu saa hii, pale nyuma ya nyumba. Ameniambia, 'Ukiimba peke yako, watakushika peke yako.' Nikamwambia ndiyo. Mzee alikuambia hakuna mtu amesimama. Sasa atamuona mtu, na jina ataliskia. Akiahidi kitu siku hiyo, hatasema ni ya mapacha."

Na kazi?

"Naogopa," anasema wazi wazi. "Usiandike Nalongo haogopi. Elfu kumi na mbili ni pesa. Lakini nikiogopa ndani ya watu thelathini na nane, ama nikiogopa peke yangu, si woga ni ile ile?"

Anachukua jembe tena. Wanalima bega kwa bega, na baada ya muda sauti yake nzito inaanza kujaribu maneno, taratibu, bila ule mdundo wa kuchezesha mabega. Anaimba, anakosea, anarudi.

"Mimi Provia Acom, nasimama na miguu yangu. Mkono wa mwanamume getini, mimi siutaki. Nilimleta mwenzangu kazini, wakamvua nguo. Norah Akiteng si mwizi."

Norah amesimama.

"Akiteng tuko wengi," anasema. "Hapa Mwello peke yake tuko wanne. Weka baba yangu."

Acom anapima maneno kwa midomo.

"Norah Akiteng, binti ya Olupot, si mwizi."

Njiani, ng'ambo ya ua wa shamba, wanawake watatu wanapita wakitoka kisimani. Wawili kati yao ni wa kikundi cha kanisani. Wanapunguza mwendo. Norah anawaona, na Acom anaona kwamba Norah amewaona.

"Anza mwanzo," Norah anamwambia. "Na upandishe sauti."

Acom anaanza mwanzo. Anapofika kwenye jina, Norah Akiteng binti ya Olupot anainua kichwa na kuitika.